Pini Iliyomezwa

Upande wa kuume wa tumbo, chini ya kitovu, pana kifuko chembamba kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana. Kwa umbo lake huitwa kidole tumbo. Kina mlango mmoja tu, nao ni mdogo.

Kitu kigumu kikimezwa, kama kifungo au kokwa, mara nyingi hupita salama na kutoka chooni baada ya siku chache. Lakini kitu kizito chenye ncha, kama pini au sindano, huweza kuzama mwanzoni mwa utumbo mpana, na mara chache huingia katika mlango ule. Kikiisha kuingia, ni shida kutoka. Hapo kidole tumbo huziba, huvimba na kutunga usaha. Au ncha hukitoboa.

Jambo hili lilionekana London mwaka 1735. Mvulana wa miaka 11 aliletwa katika hospitali ya St George's, naye alikuwa na ngiri ya tangu utotoni, pamoja na kidonda cha pajani kisichokoma kutoa uchafu. Claudius Amyand, mpasuaji wa mfalme, akampasua. Ndani ya ngiri alikuta kidole tumbo kimetobolewa na pini iliyofunikwa na ukoko mgumu kama jiwe. Akakifunga uzi, akakikata. Kazi hiyo ilichukua karibu nusu saa, na dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana bado. Hiyo ilianza kutumika katika upasuaji miaka ya 1840. Mvulana alistahimili, akapona. Ndiye wa kwanza ajulikanaye kukatwa kidole tumbo akaishi.

Wako wasemao kuwa mbegu ya pera ikimezwa huleta ugonjwa huu. Maneno hayo yamewatisha watoto wengi bure, maana ni nadra mno mbegu kuwa sababu. Mara nyingi mlango huzibwa na choo kilichokauka, au na nyama yake yenyewe ikivimba. Pini ndizo za kuogopwa. Mshonaji huzibana midomoni akiwa kazini, na msichana afungaye mtandio hufanya vivyo hivyo. Akicheka au kukohoa, imekwenda. Basi aende hospitali kabla ya kuumwa, kwa kuwa eksirei huonyesha mahali pini ilipo, na ingali juu tumboni daktari huweza kuitoa kwa mrija pasipo kisu.

Kidole tumbo kikiugua, maumivu kwa kawaida huanza kitovuni, kisha huhamia chini upande wa kuume. Mgonjwa hutapika, hukataa chakula, hushikwa na homa. Asipewe dawa ya kuharisha, maana huweza kukipasua kidole kilichovimba; apelekwe hospitali siku ile ile.