Tiba ya Mazungumzo kwa Wenye Matatizo Makali ya Nafsi: Istilahi na Sheria katika Mpaka wa Busia

Matatizo makali ya nafsi yanapoelezwa kwa Kiswahili, kikwazo cha kwanza ni neno tabia. Mtu anayeogopa kuachwa kiasi cha kuwafukuza wampendao kabla hawajaondoka, au anayejikata kwa wembe ili dhiki ya ndani ipungue, husemwa kuwa ana tabia mbaya. Neno hilo limekwisha kumhukumu. Wataalamu hutumia haiba, lakini kwa msemaji wa kawaida haiba ni mvuto. Kumwambia mgonjwa kuwa ana ugonjwa wa haiba ni kumtegea kitendawili. Makala haya yanatumia nafsi, ingawa nalo lina mzigo wake wa kidini.

Suala hili halikomei kwenye kamusi. Mwaka 1991 Marsha Linehan wa Marekani alichapisha matokeo ya tiba aliyoibuni kwa wanawake waliokuwa wakijidhuru mara kwa mara: kikao cha ana kwa ana kila wiki, kikundi cha kujifunza stadi za kustahimili dhiki, na simu kwa mtabibu kabla mkono haujaufikia wembe. Baada ya mwaka mmoja, walijidhuru mara chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Msingi wa tiba hiyo ni kumkubali mgonjwa alivyo huku akitakiwa kubadilika. Mtabibu amwitaye mgonjwa wake mjeuri amekwisha kuupoteza msingi huo.

Uganda ina mfano wa karibu, ingawa ulihusu sonona. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wanakijiji wa Masaka na Rakai waliulizwa kwanza wao wenyewe huyaitaje mateso yao. Majina ya Kiganda waliyoyatoa, likiwemo linalomaanisha kujichukia, yakawa msingi wa tiba ya vikundi ya wiki 16, iliyoongozwa na wenyeji wasio madaktari. Utafiti wa aina hiyo kwa Kidhopadhola, Kisamia na Kiteso ungepaswa kutangulia tiba yoyote Tororo na Busia.

Kuna pia sheria. Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo hauvuki mpaka. Mgonjwa wa Tororo anapoulizwa na mtabibu kama amewahi kujaribu kujiua, anaulizwa pia kama amewahi kutenda kosa la jinai.