Uvimbe Unaorudi na Dawa ya Kingamwili

Mtoto akivimba taya, wazazi wengi husema ni jino. Mara nyingi ni kweli. Lakini uvimbe unaokua haraka na kulegeza meno waweza kuwa saratani ya tezi, iitwayo limfoma ya Burkitt.

Jina hilo ni la Daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Uganda. Aliandika habari za uvimbe huu mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona ni mwingi penye joto, mvua na malaria, na ni haba milimani. Pwani yetu ya Kilwa na Lindi ni nchi ya joto na malaria.

Dawa kali za saratani huponya watoto wengi. Shida kubwa ni limfoma inayorudi. Hapo dawa za kwanza mara nyingi hushindwa.

Je, kingamwili ni nini? Mwili una askari wake. Askari hao hutengeneza vitu vidogo mno, ambavyo kila kimoja humshika adui wake tu, kama ufunguo na kufuli lake. Hizo ndizo kingamwili. Wataalamu nao wametengeneza moja iitwayo rituksimabu. Hushika alama iliyo juu ya chembe za limfoma, na askari wa mwili huja kuziua. Mgonjwa hupewa kwa dripu, polepole. Mara ya kwanza aweza kutetemeka na kupata homa, kwa hiyo muuguzi humwangalia.

Dawa hii ilijaribiwa Marekani na Kanada kwa watu 166. Limfoma yao ilikuwa ile ya polepole, nayo ilikuwa imerudi. Kwa karibu nusu yao uvimbe ulipungua kwa nusu au zaidi. Marekani iliiruhusu mwaka 1997.

Mwaka 2020 yalitangazwa majaribio ya watoto 328 wenye limfoma kali, wengi wao ya Burkitt. Hawa ugonjwa wao ulikuwa mpya. Watoto 164 walipewa dawa za kawaida; wakafa 20. Wengine 164 waliongezewa kingamwili, wakafa 8. Tofauti hiyo si ndogo, ndugu msomaji. Jirani zetu wa Malawi nao waliijaribu Lilongwe kwa watu wazima 37, na matokeo yakatolewa mwaka 2021.

Wengine huogopa neno majaribio. Hudhani mtu anafanywa panya. Sivyo. Mgonjwa huelezwa kwanza, huuliza atakavyo, kisha hutia sahihi au hukataa. Akikataa, bado ana haki ya kutibiwa. Kwa mtoto, mzazi ndiye atiaye sahihi. Usiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa ukaielewa.

Uvimbe ukionekana, anza zahanati, au hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Watakuelekeza Muhimbili au Ocean Road. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, hatusubiri tena kivuko cha Rufiji. Na aliyekwisha kutibiwa arudi kliniki tarehe aliyopangiwa, hata kama hasikii maumivu, hata kama ni msimu wa korosho.