Kwenda Kuhesabiwa

Kila Desemba inapokaribia, utani wa mijini ni uleule: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Nauli za mabasi ya Moshi hupanda, vituo hufurika, maduka mengi ya mitaani Dar es Salaam hufungwa makufuli, na mteja aliyezoea kukopa unga na sukari kwa Mangi hana budi kusubiri Januari. Wanaotania wana tafsiri mbili. Ya kwanza inasema ni majivuno tu, watu wanapeleka magari yao yakaonekane mlimani Kilimanjaro. Ya pili ina adabu zaidi na makosa zaidi: inasema Mchaga hajui kuhama, kwamba anaweza kukaa Mwanza au Mbeya miaka 40 asiwe mwenyeji wa huko, kwa kuwa moyo wake aliuacha migombani. Majivuno yapo, wala siyatetei. Kabila gani halina? Tafsiri ya pili ndiyo inayostahili jibu, maana imepindua mambo. Safari ya Desemba haikumzuia mtu kuhama. Ndiyo iliyomwezesha.

Tuanze na kihamba, kwa sababu asiyekijua hataelewa mengine. Kihamba si shamba. Shamba liko chini, tambarare, kwenye mahindi na maharage, na zamani liligawiwa kwa msimu. Kihamba kiko juu, kimeizunguka nyumba, na hakitoki mikononi mwa ukoo. Katika eneo ambalo mara nyingi halizidi ekari chache utakuta migomba ya aina nyingi, kahawa chini ya kivuli chake, magimbi chini ya kahawa, na miti mirefu ya mbao na dawa juu ya vyote. Ng'ombe analishwa bandani. Majani hubebwa kichwani kutoka bondeni, na samadi hurudi migombani. Maji yaliletwa na mifongo, ile mifereji ambayo koo zilichimba kutoka mito ya mlimani na kugawana zamu za kuifungulia. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, kwa mfano wa Shimbwe Juu kule Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Ni heshima nzuri, ila inasifu miti na kupita haraka kwa watu. Mpaka wa kihamba ni mstari wa masale. Isale ndilo jani analolibeba mkosaji anapokwenda kuomba msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Masale hayohayo hupandwa makaburini. Mmea mmoja unashika mpaka, unapatanisha ndugu na unalinda wafu, kwa sababu machoni pa wazee hayo yalikuwa jambo moja: aliyelala kihambani ndiye hati ya kihamba.

Sasa, kihamba hakiwezi kukatwakatwa bila kikomo, na wazee walilijua hilo mapema. Kwa desturi, kifungua mimba alitengewa sehemu yake alipooa, na kitinda mimba alibaki na wazazi, akawatunza, akarithi nyumba yao. Wa katikati walikwenda kwa mangi, yaani chifu, kuomba ardhi isiyo na mtu, au walivuka korongo kujaribu bahati upande wa pili. Yaani mila yenyewe ilizaa wahamaji. Masimulizi ya koo nyingi yanaanza na babu aliyefika mlimani kutoka Ukambani, Taita, Usambara au Umasaini. Hao tunaowaita wenyeji wa Kilimanjaro ni wageni waliokawia. Kahawa ndiyo iliyoyafunga malango. Wakulima walijikusanya katika chama chao cha kwanza mwaka 1925, chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933, na kadiri mibuni ilivyoenea ndivyo ardhi ya kuomba ilivyokwisha, maana mbuni huishi miongo kadhaa na aliyeupanda hang'oki. Waliokosa pa kupanda wakageukia ualimu, ukarani na biashara. Umangi ukafutwa mwanzoni mwa uhuru, lakini jina likateremka mlimani na kukaa nyuma ya kaunta, na leo mwenye duka la mtaani Dar huitwa Mangi hata akiwa ametoka Singida.

Aliyeondoka hakufukuzwa. Alimwachia ndugu yake migomba, naye ndugu akabaki na deni: kiti cha aliyeondoka katika kikao cha ukoo, na kaburi lake siku ikifika. Mtu mwenye deni la namna hiyo nyuma yake anaweza kuthubutu. Anafungua duka mji asioujua, linafilisika, anafungua jingine, kwa sababu kushindwa kwake hakumfanyi kuwa mtu asiye na kwao. Lakini deni lisilotajwa husahaulika, na hapo ndipo Desemba inapoingia. Wakati wote wapo, mipaka inapitiwa, mtoto aliyezaliwa Tabora anatambulishwa kwa jina la babu yake, ugomvi wa mwaka unatolewa isale, ada ya shule ya yatima inachangwa.

Ushahidi wa deni hili uko kwenye pombe na nyama. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haipikwi kwa pupa. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Gome la msesewe huongezwa kutia uchungu. Ndipo vyote vikutane. Kwa hiyo anayepika mbege ameshatangaza kikao siku nyingi kabla, na harufu yake ni barua ya mwito. Kuinywa huanza kwa wakubwa, kata ikapita mkono kwa mkono. Nyama nayo ina wenyewe: kila kipande kinafuata umri na nafasi ya mtu katika ukoo, na aliyepewa kisicho chake ameshaelewa kabla hajaambiwa. Utani unasema kweli, basi: ni kuhesabiwa hasa. Serikali huhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Ukoo humhesabu pale atakapozikwa.

Wapo watakaosema huu ni ukabila uliovishwa shuka safi. Sikubali. “Mchaga” lenyewe ni jina pana mno kwa mambo haya. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo hawaelewani kila mmoja akisema lugha ya kwao, na kinachowarudisha ni nyumba ya baba, si kabila. Pingamizi zito linatoka kwa mabinti. Mila ilimnyima binti kihamba kwa hoja kwamba atakula cha mumewe, na hoja hiyo haimfai aliyeachika, mjane aliyefukuzwa na mashemeji, wala asiyeolewa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki, na hapa mila inapaswa kushindwa, bila kuombewa muda. Zipo nyumba ambazo bati la mama lilinunuliwa na binti, kisha kikao kikakaa kugawa bila kumwita. Ukoo unaomhesabu mtu kwenye michango na kumruka kwenye mgawo unadanganya katika hesabu zake wenyewe.

Ninachokihofia mimi ni kingine. Desemba imebaki na mbuzi na bia za kreti, na hesabu inapungua. Kahawa iling'olewa bei ilipoanguka, mifongo mingi imekauka, na vikao vimefupishwa ili watu wawahi barabara ya kurudi. Kwenye kihamba pamejengwa nyumba ya ghorofa yenye vigae, imefungwa miezi 11 kati ya 12. Anayekaa hapo kihambani ni kijana mtunza nyumba, mara nyingi ametoka Singida au Manyara kutafuta maisha. Yeye ndiye anayemkatia ng'ombe majani, anayejua zamu ya maji kama bado ipo, na anayejua masale yaliyong'olewa na jirani ni yapi. Warithi humpigia simu kumuuliza mpaka unapita wapi. Karani wa sensa alipopita, aliyekuwa amelala kihambani humo usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ni yeye.