Kifundo au Faili? Istilahi Moja ya Kompyuta

Wanafunzi wetu wanaotafsiri matini za kompyuta hukutana na dhana ambayo baadhi yao huiita "kifundo cha kifaa". Kabla ya kuamua kama jina hilo linafaa, hatuna budi kukielewa kwanza kitu chenyewe.

Katika mifumo ya Unix na Linux, vifaa vingi huonekana kama mafaili. Diski na kibodi, kwa mfano, huwa na majina ndani ya saraka iitwayo /dev. Hata hivyo, mafaili hayo hayahifadhi data. Kila moja huonyesha mambo matatu: aina, namba kuu na namba ndogo. Aina ni mbili: c, kwa vifaa vinavyopitisha data kama mfululizo, k.v. kibodi, na b, kwa vile vinavyosomwa kwa mafungu, k.v. diski. Namba kuu hukiambia kiini cha mfumo ni kiendeshi kipi kihusike. Namba ndogo hutaja kifaa chenyewe miongoni mwa vile vinavyohudumiwa na kiendeshi hicho. Kwenye Linux, /dev/sda ni b 8 0, na sehemu yake ya kwanza, /dev/sda1, ni b 8 1.

Siku hizi Linux huyaunda mafaili haya yenyewe. Yakipotea, msimamizi wa mfumo anaweza kuyaunda kwa amri ya mknod:

mknod takataka c 1 3

Faili "takataka" litafanya kazi sawasawa na /dev/null, yaani litameza chochote kinachoandikwa humo. Kiini hakijali jina. Hufuata aina na namba. Kinyume chake, /dev/null ikifutwa, kisha programu yenye mamlaka ya msimamizi ikaandika humo, huundwa faili la kawaida lenye jina lilelile. Hilo halimezi kitu; huhifadhi kinachoandikwa humo, na linaweza kuendelea kukua.

Sasa turudi kwenye istilahi. Kifundo cha mguu ni sehemu ya mguu. Kwa hiyo anayesoma "kifundo cha kifaa" atadhani ni sehemu ya kifaa, na kwamba kukifuta ni kukiharibu kifaa. Sivyo: diski hubaki nzima, kinachopotea ni njia ya kuifikia. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "faili la kifaa". Walimu wenzetu, tuwazoeze wanafunzi kuuliza kitu kinafanya nini kabla ya kukipa jina.