Kinga ya Kurudisha: Nani Hasa Anarudishiwa?

Kwetu Nkunga, Rungwe, wanandoa wapya hawakosi mtu wa kuwashauri wakazindike nyumba. Mganga akisema kinga yake "inarudisha", ana maana baya ulilotumiwa litageuka na kumpata aliyelituma. Inavutia, si ndiyo? Wewe humgusi mtu, anajimaliza mwenyewe!

Sasa fikiria nami. Kinga hiyo haikutajii mtumaji. Unabaki kusubiri nani ataugua. Mama mkwe akipanda presha wiki ijayo, tayari umeshapata jibu. Wifi akipoteza kazi, naye kaingia kwenye orodha. Nyumba imezindikwa, lakini amani imetoka.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na njia nyingine pia. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1930 na kuchapisha Good Company mwaka 1951, aliandika kuhusu "pumzi ya watu": manung'uniko ya majirani yaliyoaminika kumletea maradhi mtu aliyekosea, mathalani aliyedharau wazazi. Dawa ilikuwa kukiri kosa, kupatana na kula pamoja. Hapo mtu alijiuliza, "Nimemkosea nani?" badala ya, "Nani kanitumia?"

Tena kumbuka, Sheria ya Uchawi ya tangu 1928 bado ipo, na kumtangazia mtu uchawi ni kosa.

Basi, kabla hamjatoa hela ya zindiko, bebeni kilo ya sukari mkamsalimie huyo mnayemshuku.