SHULE YA PEKE YAO AU SHULE YA WOTE?

Sogeeni karibu na redio, mshike madaftari yenu.

Leo tutazungumza habari za watoto wasioweza kujifunza kwa njia ile ile ya wenzao. Kuna asiyeona, kuna asiyesikia, kuna anayechelewa kuelewa, na kuna yule tunayemwita mtukutu. Swali letu ni hili: watoto hawa wasome katika shule ya peke yao, au wasome pamoja na wenzao?

Kwanza tutazame historia kidogo. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya watoto wasioona huko Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi huko Tabora. Basi, katika nchi yetu shule za peke yao ndizo zilizotangulia. Kwa nini? Kwa sababu watoto hao walihitaji mwalimu na vifaa ambavyo havikuwapo katika shule za kawaida.

Shikeni kalamu, nitawapa mfano. Chora nukta 6 katika mistari miwili ya kusimama, nukta 3 kushoto na 3 kulia. Hayo ndiyo maandishi ya nukta nundu, ambayo asiyeona huyasoma kwa ncha za vidole. Nukta moja tu, ile ya juu kushoto, ni A. Nukta hiyo pamoja na ya chini yake ni B. Aliyeyatengeneza ni Mfaransa, Louis Braille, ambaye mwenyewe hakuwa anaona tangu utotoni. Sasa niambieni: mwalimu asiyezijua nukta hizi atamfundishaje mtoto kusoma?

Lakini iko njia ya pili. Mwaka 1966, katika Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, watoto wasioona walianza kusoma shule moja na wanaoona. Mtoto anapata mwalimu wa kumfundisha nukta nundu, na anapata pia wenzake wa kusoma na kucheza nao. Siku hizi ziko shule nyingine za kawaida zenye kitengo cha namna hii.

Je, ipi ni bora? Tusijibu haraka. Tuseme kuna binti wa miaka 8 katika kijiji kimoja cha Delta. Ni kiziwi. Wenzake wakienda shule, yeye hukaa juu ya dungu akifukuza ndege katika shamba la mpunga. Anapelekwa shule ya viziwi. Anapanda mashua mpaka Nyamisati, halafu gari mpaka mjini. Huko anajifunza lugha ya alama, yaani lugha ya mikono na uso. Kwa mara ya kwanza anauliza swali na kujibiwa. Hilo ni jambo kubwa sana.

Likizo inafika, anarudi nyumbani. Ana mengi ya kusimulia, lakini mama hajui hata alama moja. Binti anakuwa mgeni katika nyumba yao wenyewe. Mnaona? Shule imempa lugha, lakini umbali umempunguzia jamaa. Kosa si la shule wala la mama. Ila dawa ipo: mzazi naye ajifunze. Kila likizo mtoto awafundishe nyumbani alama za maji, chakula, ugonjwa, njoo, na jina la kila mtu.

Sasa tugeuze upande wa pili. Tuseme binti huyu anaandikishwa katika shule ya kijijini, lakini hakuna mwalimu anayejua alama. Anakaa nyuma, ananakili ubaoni asichokielewa. Mwisho wa mwaka daftari limejaa, kichwa hakikupata kitu. Kukaa darasani si kusoma. Mtoto huyu ametengwa akiwa katikati ya wenzake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeliona jambo hili. Inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji njia maalumu ya mawasiliano. Tena inasema apate msaada wa mwalimu aliyefundishwa kazi hiyo. Basi shule ya wote ndiyo kanuni, na msaada ndio unaoifanya kanuni hiyo iwe kweli.

Na mtukutu je? Kabla ya kumpiga au kumfukuza, mchunguze. Simama nyuma yake, mwite kwa sauti ya chini. Kama hageuki, huenda hasikii vizuri. Mwulize anaona nini ubaoni kutoka pale alipokaa. Kisha mpeleke zahanati. Watoto wengine huitwa wakaidi kwa kuwa hawakusikia walichoambiwa. Wengine wana njaa, au nyumbani kuna ugomvi. Shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya, ni ya watoto waliopelekwa kwa amri ya mahakama. Si mahali pa kumtupa kila mtoto anayetuchosha.

Basi ukiwa na mtoto wa namna hii, nenda kwa mwalimu mkuu, au kwa mtendaji wa kijiji, ukaulizie afisa wa elimu maalumu wa wilaya. Tangu mwaka 2016 Kibiti ni wilaya yake yenyewe, na zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji, ambayo makao yake yalikuwa Utete. Ukionyeshwa shule, iwe ya mbali au ya karibu, uliza maswali matatu: Je, yupo mwalimu anayeijua njia ya mtoto wangu? Atalala wapi, na nani atamtunza? Atarudi nyumbani lini, na nani atamleta?

Shule yenye majibu mazuri ndiyo shule yake. Lakini kumwacha nyumbani siyo jibu. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Mtoto aliyefichwa hana shule ya peke yake wala ya wote.

ZOEZI. Jibuni katika madaftari, kisha mzungumze na mwalimu wenu:
1. Asiyeona husoma kwa maandishi gani?
2. Eleza faida moja na hasara moja ya shule ya mbali.
3. Je, katika kitongoji chenu yuko mtoto asiyekwenda shule? Mtafanya nini kabla ya somo lijalo?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.