Bwawa la Itare: Maji Hakuna, Deni Lipo

Wenzangu wa Pwani huniuliza, bwawa la Itare kule Kuresoi, Kaunti ya Nakuru, latuhusu nini? Latuhusu mfukoni.

Lilikusudiwa kupeleka maji Nakuru mjini. Mwaka 2018 ujenzi ukasimama. Kampuni ya Kiitaliano iliyopewa zabuni, CMC di Ravenna, ilizidiwa na madeni, ikaomba kinga ya mahakama huko kwao. Mkandarasi akaondoka, mkopo ukabaki. Aliyekopa ni serikali ya Kenya, nayo hulipa kwa kodi zetu: ya sukari, ya mafuta, hata ya mchuuzi wa samaki Vanga.

Ndiyo maana nikisikia habari za bwawa la Mwache, Kwale, siulizi litajaa lini. Nauliza mkataba wasemaje mkandarasi akikwama.